Jani la Isale kutoka London

London, Mei 2001

Baba mpendwa, shikamoo.

Ujenzi wa mtaa wetu kando ya mto Thames unaendelea vyema. Udongo ulioharibiwa na kiwanda cha gesi umesafishwa (umwambie Mama, aliyenitania eti tunafua udongo, kwamba hatukutumia sabuni), na bata wametaga katika bwawa tulilochimba. Nimekabidhiwa usimamizi wa awamu ya pili, itakayochukua miaka sita. Nimekubali.

Natambua kwamba kihamba chetu, shamba la ukoo, ni haki yangu kama kitinda mimba, na kwamba umekipalilia ukinisubiri. Naomba umpe kaka Ambrose.

Hapa isale huuzwa dukani kama pambo la sebuleni. Nimepiga fundo jani moja na kulitia katika bahasha hii. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba Mchaga akiletewa isale hakatai kusamehe.

Mwanao,
Laurean