Mtamba wa Josefina

Masisi, Jumatano, 1961. Mvua tangu asubuhi, vilima havionekani kwa ukungu, na mimi nina hasira na ng'ombe.

Sisi wafugaji tunamjua ng'ombe kwa rika lake: ndama, mtamba ambaye hajazaa, fahali, maksai aliyehasiwa, kizee aliyekwisha kazi. Wakulima wa Nyabiondo wanajua maharage. Ndiyo maana mdogo wangu Faustini, mwalimu asiyejua hata kukamua, alipotaka kumwoa Josefina wa huko Nyabiondo, niliona mambo rahisi. Baba wa binti aliomba mtamba mmoja, amzalie kwake. Nikamtolea kizee.

Ng'ombe akizaa, pembe hupata mstari. Kizee wangu alikuwa na mistari saba. Niliikwangua kwa kipande cha chupa, nikapaka siagi, pembe zikang'aa.

"Papa, hii iko mutamba, haiyazala bado," nilimwambia baba wa binti. Alinishukuru kwa mikono miwili. Nilicheka njia nzima.

Kosa langu ni moja: nilimfundisha Josefina. Alipoolewa alipenda ng'ombe, akawa haishi kuuliza, nami nikamwonyesha kusoma pembe na meno. Wiki iliyopita alikwenda kusalimia kwao. Aliporudi aliniambia mbele ya mumewe, bila kupaza sauti: "Kaka, ile ngombe iko muzee. Meno imeisha."

Nilimgeukia Faustini. Nikasema baba mkwe wake amembadilisha mtamba wetu, sasa anatafuta mwingine wa bure. Faustini akaniamini, maana mimi ni kaka yake. Akamfukuza mkewe siku ile ile.

Ana mimba ya miezi mitano. Nilimtazama akiteremka kwenye matope, kisha nikaenda kukamua.

Leo baba yake amemrudisha ng'ombe, kama desturi inavyotaka ndoa ikivunjika. "Ngombe yenu njo hii. Mutoto wangu anabakia kwetu." Akaachia kamba.

Ng'ombe akampita Faustini, akaingia zizini kwangu, moja kwa moja hadi kwenye kona yake ya zamani, penye jiwe la chumvi. Halafu akaja kunilamba mkono.

Faustini alinitazama. Aliteremka mbio akimwita mkwe wake, na mzee hakugeuka.

Nimeona haya, sikatai. Lakini hasira yangu yote iko kwa mnyama.

Kesho nitamchinja. Na huu mkono aliolamba, nitaupeleka wapi?