Shuka la Mama na Karatasi za Baba

Dukani, Mtaa wa Sokoni,
Kasulu.
Alhamisi, 8 Februari 2024

Mpendwa mdogo wangu Lukmani,

Assalaam alaykum. Habari za Tanga na joto lenu? Asmahani hajambo, miguu imeacha kumvimba? Watoto wanakwenda shule au bado wanakudanganya wanaumwa tumbo kila Jumatatu? Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi, ila mimi kitini sikai. Hata hii barua naiandika nimesimama kaunta: mistari miwili, naenda mlangoni, narudi. Shangazi Zena wa Kibondo anakusalimu na anasema umemsahau kabisa.

Kuna jambo nitakuungamia huko chini. Usiruke, nakujua. Soma kwanza haya.

Yule Chantal niliyekutajia kwenye simu, Mkongomani wa kambi ya Nyarugusu anayeuza vitenge, kesho anaondoka na wanawe kwenda nchi ya mbali waliyopangiwa. Mama yake, Antoinette, alifariki mwaka jana. Kwenye msiba ndipo mama mmoja wa kanisani kwao akaropoka kwamba Chantal alikuwa na kaka, Cadet, aliyepotea wakati wa kuvuka ziwa wakikimbia vita. Miaka yote hiyo mama yake hakumwambia neno! Chantal alimkasirikia marehemu mpaka akaacha kwenda kaburini.

Ipo fomu ya kutafuta ndugu waliopotea. Inataka jina kamili, umri, alama za mwili, mahali mtu alipoonekana mara ya mwisho. Chantal alikuwa na neno moja tu, Cadet, na fomu ilitakiwa irudishwe kabla hajasafiri. Ila yule mama wa kanisani alikumbuka kuwa mwaka tisini na saba Antoinette alikwenda kwa mpiga chapa wa Kasulu kuandikiwa barua ya kumtafuta mtoto. Mpiga chapa gani mwingine, Lukmani, kama si baba? Na baba unamjua, kila barua aliyompigia mtu alibaki na nakala ya kaboni. Siku hiyohiyo nilipanda gari kwenda Kibondo nikayavuta masanduku ya baba chini ya kitanda cha shangazi.

Karatasi elfu moja na mia moja arobaini! Nyepesi kama ganda la kitunguu, nyingine zimekunjamana, nyingine zimelambwa na mchwa. Kwa macho yangu haya ningemaliza baada ya Idi. Ndipo ukaniambia nizipige picha, ile programu yako izisome, kisha niandike jina na lijitokeze lenyewe. Ulivyolisema, ungedhani ni kazi ya kumenya ndizi.

Nilianza kwa ujinga. Faili la kwanza lilikuwa limekunjamana, nikasema nilinyooshe. Nikatandika shuka mezani, nikapanga karatasi sita, uso chini ili moto usiguse maandishi, nikapitisha pasi ya mkaa. Kuzigeuza, mama yangu! Maneno hayapo. Madoa ya kijivu tu. Nilikaa chini nikalia, halafu nikazificha hizo sita, na wewe sikukwambia. Chantal naye sikumwambia.

Zilizobaki nilizipiga kama ulivyoelekeza: simu juu ya kopo, isitikisike, dirisha ubavuni, kivuli changu nje, karatasi imenyooka na pembe zote nne zinaonekana. Programu ikanirudishia matapishi ya herufi. Ukanigombeza kwamba natetemeka. Sikuwa natetemeka! Baba alikuwa anabana matumizi, anapiga chapa pande zote mbili, na maandishi ya nyuma yalikuwa yanachungulia mbele. Nimehangaika siku mbili. Siku ya tatu narudi kutoka sokoni, nimechoka, nikavua baibui nikalitupa mezani, karatasi moja ikaangukia juu yake. Ya nyuma yote yakazama kwenye weusi, ya mbele yakabaki peke yake, safi. Nilipiga kigelegele mpaka Pasikali fundi viatu akaja mbio kuuliza nani anaolewa.

Basi nikazipiga zote upya juu ya baibui. Chantal anageuza, mimi napiga, umeme ukikatika tunangoja tukigombana. Jumatatu tukaandika Cadet. Hakuna. Tukaandika Antoinette. Wakaja watatu, wote si yeye. Chantal akaniambia, "Mama Mwanaheri, labda haikukuwaka hiyo barua," yaani, kwa Kiswahili chao, haikuwahi kuwepo. Nikajua iko wapi. Ikabidi niseme: zipo sita, nimeziua mimi kwa pasi, juu ya shuka.

Hakunitukana, na bora angenitukana. Aliuliza tu, "Na ile nguo uliwekea chini, iko wapi?"

Lukmani, ilikuwa kwenye beseni la nguo chafu, maji yalikuwa yanachotwa! Nimekimbia mimi, mwanamke wa miaka hamsini na nne, na kiatu kimoja. Tukalitandaza lile shuka dirishani. Maandishi yote yalikuwa pale, kinyumenyume, kila karatasi mahali pake. Faili la kwanza baba alikuwa hajaanza ubahili, kila karatasi ina upande mmoja. Nikapiga picha, nikaigeuza kwenye simu kushoto iwe kulia, nikaipa programu. Ikasoma mistari mitatu tu, mingine ikashindwa. Kwenye wa pili kulikuwa na Cadet.

Iliyobaki nilisoma mwenyewe, kidole kwenye kioo cha kompyuta. Cadet Kalunga, miaka sita, kovu la moto mkono wa kushoto, alipandishwa boti nyingine pale bandari ya Baraka, ng'ambo ya ziwa. Na mwisho, baba ameandika kama alivyoambiwa: "Huyu wa kike niliyebaki naye sitamwambia, maana akijua atakwenda kumtafuta, na mimi sina mtoto mwingine wa kupoteza."

Chantal akasema, "Sasa ile kasirani yangu yote nitaipeleka wapi?" Akalia, nami nikalia naye. Jana amekwenda kaburini, kisha amerudisha fomu.

Sasa ungamo. Lile shuka ni la mama, jeupe, lenye maua aliyodarizi mwenyewe, uliloniomba nikutunzie. Nilishika mkasi nikate kipande chenye barua, mkono ukagoma. Nimempa zima. Mama angenizaba kofi kwa kupigia pasi makaratasi juu yake, halafu angelikunja mwenyewe akamtilia Chantal kwenye begi. Usilidai.

Picha zote zimo kwenye memori kadi niliyoifunga humu. Zihifadhi vizuri, wapo wengine watakaokuja kuuliza.

Nisalimie Asmahani, watoto, na mama mkwe wako Mwanashamba. Mungu awafunike kwa rehema zake, na kila aliyepotezana na wake amkutanishe naye.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukinigombeza,
Mwanaheri

Nimesahau kukuambia kwa nini sikai. Huko aendako Chantal hana namba bado, hivyo kwenye fomu ameandika simu ya dukani. Cadet sasa ana miaka thelathini na mitatu. Kila mwanamume wa umri huo anayepita hapa nje namtazama mkono wa kushoto.