Asali ya Dada Mize Haidondoki

Wete, Jumatano. Rasharasha tangu alfajiri, mvua ile isiyoamua kama inanyesha au inatania.

Siku hizi nimewashuku watu wengi, na wa mwisho wao ni mimi mwenyewe. Nianze na lililo zito kabla sijapata njia ya kulizunguka: nimekwenda Gando na kijiko mfukoni, nikaipima asali ya dada yangu wa tumbo moja kama mtu anayekagua maziwa ya muuzaji asiyemjua. Na dada akaniona.

Basi. Nimeshasema.

Sasa nieleze, maana shajara haimkatizi mtu maneno, tofauti na mke wangu.

Dada Mize ni mkubwa wangu. Ana mizinga nyuma ya mikarafuu yake huko Gando, na asali yake watu wanaijua kwa jina. Mumewe, shemeji Khamisi, ni mtu wa chama kile. Mimi watu wananihesabu wa chama hiki, kwa kuwa zamani nilikuwa nikipiga picha kwenye mikutano yake, na hapa kwetu ukishapiga picha umeshapiga kura. Tangu uchaguzi uliopita mimi na dada hatujagombana hata siku moja. Hilo ndilo tatizo. Tunasalimiana kwa heshima mno. Hujambo, watoto hawajambo, mkeo hajambo, nisalimie. Utadhani tumekutana kwenye benchi la hospitali. Zamani alikuwa akiniita Boga mbele za watu, kwa sababu ya ukubwa wa kichwa changu, nami nikiitika. Siku hizi naitwa Saidi, jina langu kamili, na kila nikilisikia kwake naona baridi.

Kwa hiyo aliponijia dukani mwenyewe, kwenye kiduka changu cha picha za pasi na kadi za harusi, akaniambia amesikia naweza kuyafanya maandishi yachuruzike kwenye kioo cha kompyuta, na kwamba angependa asali yake itangazwe hivyo, nilikubali kabla hajamaliza. Angetaka niichuruzishe bandari ya Wete nzima ningekubali vilevile.

Kwa asiyeijua kazi hii, haina uchawi, ina uvumilivu. Niliandika ASALI YA BI MIZE, GANDO kwa herufi nene za njano katika programu ya kuhariri picha, kisha nikachora picha nyingi zinazotofautiana kidogo kidogo. Katika ya kwanza, chini ya herufi A pana kivimbe tu, kama chunusi. Inayofuata kivimbe kimeshuka. Halafu kinaota shingo, shingo inakonda, inakatika, tone linaanguka. Picha ya mwisho unairudisha ifanane na ya kwanza, ili mtazamaji asijue tone linapoanzia wala linapoishia. Ukiziendesha zote kwa pamoja, herufi zinalia machozi ya asali.

Nilijifunza kwenye mtandao, kwa kijana mmoja wa nchi za mbali aliyekuwa akichora mfereji mbovu wa jikoni, bomba linalovuja matone ya maji. Nilimfuata hatua kwa hatua. Pale alipoweka buluu mimi nikaweka njano. Nilijiona fundi.

"Baba Salma," mke wangu aliniita, "mchuzi umeshaganda, huo wako bado unachuruzika?"

Nikaugeuza uso wa kompyuta utazame barabarani, nikazipanga chupa za dada chini yake, na ile picha nikairusha kwenye kundi la simu la mtaa. Ikaenda. Kwetu hapa habari haihitaji kusukumwa, inahitaji kufunguliwa mlango tu.

Kisha watu wakaanza kuwa na adabu.

Mtu anasimama dirishani, anaangalia kioo, anaangalia chupa, anasema "Mashaallah, kazi nzuri," anakwenda zake. Wa pili hivyo. Vijana wa maskani wakipita wanasukumana viwiko. Chupa zimekaa pale pale na vumbi lao. Halafu nikasikia kwamba mchuuzi wa Tumbe, anayezitembeza chupa za dada kwa baiskeli, ameurejesha mzigo Gando bila kuufungua.

Nikajua. Au nikadhani nimejua, na kwa mtu wa umri wangu hayo mawili hayatofautiani. Nilikuwa nimechora majani ya kijani nyuma ya herufi, nikayaona mazuri. Njano juu ya kijani, mwaka wa uchaguzi, Pemba. Hata mtoto wa chuo cha Kurani angeniambia hizo ni rangi za nani. Nikajipiga paji la uso, nikayafuta majani, nikaweka buluu.

Hamadi, fundi cherehani wa mlango wa pili, akatoa kichwa. "Yakhe, mara hii umehamia kule?"

Nikaiondoa buluu. Nikaweka nyekundu, nikaitoa mwenyewe kabla Hamadi hajasimama, maana herufi zinazodondoka katika wekundu, katika kisiwa hiki, zinakumbusha mambo ambayo hayauzi asali. Mwisho nikaweka nyeusi. Hamadi akauliza nani kafariki.

Kila rangi niliyoigusa ilikuwa na mwenyewe. Na kila aliyepita dirishani nilimhesabu: huyu wa kule, huyu wa huku, huyu anajifanya hana upande kwa hiyo ni hatari zaidi. Naona aibu kuandika, lakini hata imamu aliposimama kuangalia niliyachunguza macho yake kama yanaangalia asali au majani yasiyokuwepo tena.

Juzi akaja bibi mmoja kutoka Fundo, kile kisiwa kidogo cha jirani, na mjukuu wake anayekohoa. Anatafuta asali ya dawa. Nikafurahi, mtu wa kisiwani, mbali na maneno ya mjini. Akasimama mbele ya chupa na kioo kwa muda, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, hii imetiwa maji."

"Umeionja, bibi?"

"Ya nini kuonja? Si naiona."

Akamshika mjukuu mkono, wakaenda kutafuta kwengine.

Hapo ndipo shaka ilipobadilisha njia. Bibi yule hana chama cha kumpandisha homa, ana mtoto anayekohoa tu. Nikaanza kuziangalia zile chupa kwa jicho la mtu wa forodha. Nikaziinua kwenye mwanga. Niliona wepesi ambao sikuuona mwanzo. Nikakumbuka kwamba shemeji Khamisi hajaniangalia usoni tangu matokeo yale. Nikajiuliza, nami leo naandika nilivyojiuliza: chupa dada anazoniletea mimi ni sawasawa na anazopeleka kwengine, au za watu wa chama hiki zinapita kisimani kwanza?

Nilimwaza hivyo dada aliyenibeba mgongoni.

Ningeweza kuonja zile za dukani. Lakini zile nilishazishuku, na mtu akishashuku ulimi wake si shahidi tena. Nilitaka nione zilizo nyumbani kwake. Leo baada ya chakula nikatia kijiko katika mfuko wa shati.

"Kijiko cha nini?" mke wangu akauliza.

"Cha kazi."

Akaniangalia kama mtu anayeshika namba ya gari lililogonga ng'ombe. Nikawasha vespa.

Nilipofika, dada alikuwa chumbani akisali Alasiri. Chupa zimepangwa mezani ukumbini, mlango uko wazi, nyumba ya mtu asiyeficha kitu. Mwizi angeona haya. Mimi nikafungua chupa, nikazamisha kijiko, nikakinyanyua, nikasubiri tone.

Tone halikuja.

Asali ilishuka kwa uzi mmoja. Nikakipandisha kijiko, uzi ukarefuka, ukawa mwembamba kuliko nyuzi za Hamadi, haukukatika. Ulikuwa unayumba kidogo kama unaotafuta pa kukaa, na ulipofika chini ukajikunja duru juu ya duru, kama ukili unavyojilaza sakafuni kabla haujashonwa mkeka, halafu duru zikazama taratibu. Mkono ulianza kuniuma. Niliendelea kuunyanyua. Uzi haukuwa na haja ya kukatika ili kunifurahisha.

Nikakumbuka kivimbe changu, shingo yake, na tone linaloanguka. Nikamkumbuka bibi wa Fundo. Hakuwa akiitazama chupa hata kidogo. Alikuwa anaangalia kioo.

Siku zote hizi nimekionesha kisiwa kizima maji ya mfereji yaliyotiwa rangi ya njano, na juu yake nikaandika jina la dada yangu.

"Wapima, Saidi?"

Alikuwa mlangoni na kanga yake ya kusalia. Sijui kasimama tangu lini.

"Naonja, dada."

"Waonja kwa macho?"

Kijiko kiko juu, uzi unashuka, na mimi katikati. Hakuna pa kukiweka kijiko chenye asali bila kuchafua meza ya watu, kwa hiyo nilibaki hivyo hivyo, mkono hewani kama mwanafunzi aliyenyoosha kidole.

Akakaa. Aliyoyasema aliyasema polepole. Mchuuzi alipourejesha mzigo alimwonesha ile picha kwenye simu. "Nikaona waambia watu asali yangu maji. Khamisi kanambia nikuulize, nikakataa. Nikasema, kama Saidi ana lake na mie atakuja anambie. Kumbe weye lako walisemea kiooni. Na leo waja na kijiko, uhakikishe uwongo wako umekuwa kweli."

Kwa hiyo tulikuwa wawili. Mimi Wete namshuku kwa ajili ya chama, yeye Gando ananishuku kwa ajili ya chama hicho hicho, na katikati yetu kuna asali safi isiyojua hata siku ya kupiga kura.

Nikamwambia ukweli. Nikamweleza juu ya kijana wa mtandaoni, na mfereji mbovu, na nilivyobadilisha rangi tu. Nikasema nilidhani kila kioevu kinadondoka sawa.

"Mtu mzima, na miwani yako," akasema, "hujui asali hushukaje? Si umeila kwetu toka huna meno."

"Najua kuila, dada. Sijapata kuiangalia."

Hakucheka. Nilimtazama anavyoyapima maneno yangu, kama nilivyokuwa nikimpimia asali yake, na nikaona hayajashuka sawasawa. Uwongo wenye akili ungenisaidia zaidi. Ukweli wangu ulikuwa wa kijinga mno kusadikika. Nani atakubali kwamba mtu aliyeishi umri wote huu Pemba amejifunza asali kwenye mfereji?

Akaifunga ile chupa niliyoifungua, akanipa. "Kaitengeneze," akasema. "Na mkeo nisalimie."

Heshima. Nimeibeba heshima hiyo kwenye vespa kutoka Gando hadi Wete, ikawa nzito kuliko chupa.

Tangu Magharibi niko mbele ya kompyuta. Mke wangu amepanda kwenye kigoda anamimina asali kwa kijiko kutoka juu hadi kwenye sahani, nami naangalia na kuchora, naangalia na kuchora. Nilimwambia yote. Alichosema ni kwamba sasa ameelewa kijiko cha kazi, na kwamba mkono wake haujaajiriwa. Watoto wanaila sahani kila nikigeuka.

Uzi ni mgumu kuliko tone, jamani. Tone lina mwanzo na mwisho, linakuonea huruma. Uzi, kila picha inafanana na iliyotangulia, na kazi yote iko chini kule unapojikunja. Nimelifuta tone. Nimezifuta na rangi zote za nyuma, nikaweka kahawia, rangi ya meza ya dada Mize. Hamadi akisema ni chama cha maseremala, na aseme.

Nimemtumia dada kwenye simu yake, yeye peke yake, kabla ya mtu mwengine yeyote. Nikasubiri. Alama za simu zikaniambia ameshaiona. Nikaanza kushuku tena, ndiyo tabia ilivyo: labda Khamisi ndiye anayeishika simu, labda wanaitazama wote wanacheka, labda hawacheki.

Kisha simu ikalia. Nanukuu alivyoandika, kwa sababu nataka yakae hapa:

"Boga weye, uzi umenyooka kama msumari. Asali huyumba. Njoo kesho uiangalie vyema, uje na mkeo, napika mkate wa kumimina."

Nimeusoma ujumbe huo tena na tena nikiitafuta heshima ndani yake. Sikuiona hata chembe.

Lakini mimi ni mimi, na shaka haitoki kwa sahani moja ya asali. Nimejiuliza: amenisadiki, au ananiita aone kama nitakuja nikiwa nimebeba kitu mfukoni?

Kesho nakwenda Gando. Kijiko nakiacha nyumbani.