Kadi Nilizoziandika kwa Mkono wa Mzee Kuwabara

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako, na naomba unifikie kabla ya Jumapili ya mwisho ya mwezi huu wa Oktoba, kwa sababu siku hiyo baba yangu atapanda treni kwenda Himeji kumjulia hali rafiki yake wa miaka thelathini na mitano, ambaye baba anaamini ameanza kupotewa na kumbukumbu, ilhali akili ya mzee yule ni timamu kuliko yangu, na aliyemfanya aonekane hivyo ni mimi, kwa mkono wangu, kwa penseli.

Hapa Ichikawa, mji mdogo wa Japani, sisi ni mafundi wa vichwa vya chuma vya fimbo za gofu, karakana yetu ni ndogo, chuma kinafuliwa kwa nyundo ya mashine, kisha baba, ambaye mgongo humsumbua, anakichonga kwenye jiwe la kunolea linalozunguka kwa umeme mpaka unyayo wa fimbo, yaani ile sehemu ya chini inayogusa nyasi, ukubaliane na mwili wa mtu atakayeishika, na kwa miaka yote hiyo jina letu halikuonekana popote, kwa kuwa sehemu ya kazi ilikwenda kwa kampuni kubwa iliyogonga jina lake juu ya chuma chetu, na sehemu nyingine ilikwenda kwenye duka la huyo rafiki wa Himeji, Mzee Kuwabara (majina yote nimeyabadilisha), ambaye hamuuzii mtu fimbo mpaka amemtazama akipiga mipira, akitembea, hata akiinama kufunga kamba za viatu, halafu anamwandikia baba kadi fupi kwa penseli, na baba anaibana kadi hiyo juu ya jiwe, usawa wa macho yake, na bila kadi hagusi chuma. Wengine humcheka. Yeye huwajibu, "Sasa nichonge kwa ajili ya nani, upepo?"

Mwaka juzi kampuni kubwa ilihamishia kazi yake nje ya nchi, na mwanzoni mwa mwaka huu mimi, binti wa pekee wa baba, mwenye miaka arobaini na sita, nikafungua duka letu mtandaoni, kwa jina letu wenyewe, tukaanza kuwauzia wachezaji moja kwa moja, na sitakudanganya, Mshauri, limefanikiwa, nyundo iliyokuwa ikisikika siku mbili kwa wiki sasa inasikika siku tano, na fundi wa nyundo tuliyemwachisha kazi amerudi. Lakini maagizo ya mtandaoni yalikuja na namba peke yake: urefu wa mtu, urefu wa mkono, kasi ya pigo. Nilipompelekea baba karatasi ya kwanza, aliishika kwa vidole viwili kama samaki aliyelala.

"Hii nini?"

"Mteja, baba. Wa Sapporo."

"Huyu si mteja. Hivi ni vipimo vya kabati. Nani amemwona akitembea?"

"Hakuna, baba. Ameagiza akiwa hukohuko kwake."

"Basi aende kwanza akaonwe na Kuwabara."

Mtu wa Sapporo alisubiri siku tisa, na siku ya kumi nilikwenda duka la vifaa vya shule, nikanunua kadi za aina ileile, nikakaa jikoni na kuandika kwa mwandiko wa Mzee Kuwabara, wenye mikia mirefu inayopinda kulia, mwandiko ambao nimeusoma tangu nikiwa msichana wa kufagia vumbi la chuma, na baba akaipokea kadi ile, akaibana, akawasha jiwe, na jioni wakati wa chakula akasema kwa furaha ya kweli, "Kuwabara sasa anapata wateja mpaka Sapporo. Jamaa ana bahati. Mimi nilimwambia asifunge duka."

Hiyo ndiyo sehemu inayonichoma zaidi, kwamba kwa miezi saba baba amekuwa akifurahia mafanikio ya rafiki yake, ilhali kadi za kweli za Mzee Kuwabara zimepungua kutoka ishirini kwa mwezi mpaka mbili au tatu, kwa sababu watu wanaopenda fimbo zetu sasa wananunua kwangu, na mimi sijawahi kumweleza hata neno moja.

Mwanzoni nilibuni tu, kisha nikaona aibu, nikaanza kuwapigia simu wateja mmoja mmoja, nikiwauliza ni kiatu kipi kinachoisha kwanza na kwa upande gani, wanapandaje ngazi, wanalala kwa ubavu upi, na nilichoambiwa ndicho nilichoandika, mpaka siku moja baba akavua miwani na kusema, "Kuwabara anaandika vizuri siku hizi. Zamani alikuwa ananipa goti na bega. Sasa ananipa mtu." Niliondoka nikaenda kuhesabu maboksi yasiyohitaji kuhesabiwa.

Ikaja Agosti, maagizo yakarundikana, na kwa daktari wa meno mmoja wa Kakogawa, nimwite Hirooka, sikupiga simu. Niliandika tu kwamba kisigino cha fimbo, yaani upande wa unyayo ulio karibu na mpini, mkabala na ncha, kinachimba ardhi, kipunguzwe, na baba akakipunguza. Mapema mwezi huu Hirooka alinipigia mwenyewe.

"Dada, fimbo zenu ni nzuri kuzitazama, lakini mpira unakimbilia kulia kama umeitwa. Nimempelekea mzee mmoja Himeji azitazame. Akapitisha kidole gumba chini ya chuma, akafumba macho, halafu akaniuliza, 'Mgongo wake umepona?' Nikamwambia mgongo wa nani, mzee, mimi nimenunua mtandaoni, fundi mwenyewe simjui."

"Akasemaje?"

"Akaniambia nitembee mbele yake kwenda na kurudi, mara nne. Hata mke wangu hajawahi kunitazama hivyo."

Siku tatu baadaye ilifika kadi ya kweli kutoka Himeji, na kabla sijaiona ilikuwa mkononi mwa baba: "Hirooka. Goti la kulia halikunjiki. Anasimama wima, mikono juu. Kinachochimba ni ncha, si kisigino." Hakuna lawama, hakuna salamu zaidi ya zile za kila siku. Baba aliibana kando ya ile ya Agosti, akazima jiwe, akaniita.

"Njoo uone. Agosti anasema kisigino. Leo anasema ncha. Mtu huyohuyo mmoja."

"Labda alikosea, baba."

"Kuwabara hakosei goti." Akakaa juu ya kigoda chake. "Mama yako alianza hivihivi."

Mama alituacha miaka sita iliyopita, na alikuwa ameshasahau majina yetu muda mrefu kabla ya hapo. Baba akaendelea, "Nitampelekea maharage meusi ya Tamba. Wanasema yanasaidia kichwa." Nikamuuliza ni akina nani wanaosema. "Wauza maharage," akajibu, lakini hakucheka, na tangu siku hiyo namsikia akiwa bafuni akijaribu maneno atakayomwambia: "Usijali ukisahau, bwana. Mimi nitakumbuka kwa niaba yetu wote wawili."

Mshauri, nimefikiria kumwahi Mzee Kuwabara na kumwomba akubali mbele ya baba kwamba kadi zote mbili ni zake na kwamba Agosti alichoka tu, na najua atakubali, kwa kuwa ndivyo alivyo. Au nimwambie baba kweli, naye atazima jiwe na pengine asiliwashe tena, kwa sababu kila alichochonga kwa miezi saba atakiona kuwa kimechongwa kwa ajili ya watu wa uongo. Sijui nianze kwa nani. Nisaidie.

Mwandishi wa Kadi, Ichikawa

*

Binti wa Ichikawa,

Umeniuliza uanze kwa nani, nami nitakujibu, lakini kwanza ondoa mezani lile wazo la kumwomba Mzee Kuwabara akubali kosa lisilo lake. Umekwisha kuchukua wateja wake bila kumwambia, na mwandiko wake bila kumwomba. Sasa unataka akukopeshe na akili yake pia, aonekane mgonjwa mbele ya rafiki yake, ili wewe ule chakula cha jioni kwa amani. Kwamba angekubali ni sababu ya kutomwomba.

Sasa tutenganishe mambo ambayo barua yako imeyafunga kamba moja. Kuuza moja kwa moja kwa mchezaji si kosa. Mlikuwa mnakufa mkiwa mmejificha nyuma ya majina ya wengine; mmejitokeza kwa jina lenu, na watu wamekuja. Usiombe radhi kwa hilo, wala usilifunge duka hilo ili ujisikie msafi. Kosa lako la kwanza ni kwamba ulijitokeza mbele ya Sapporo na Japani nzima, ukajificha kwa mtu mmoja wa Himeji. La pili ni mwandiko. La tatu, ambalo hukuliungama kwa sababu hukulitambua, ni kwamba unaamini kilichoharibu fimbo za daktari ni udanganyifu wako. Sivyo. Udanganyifu ulikuwapo katika kadi zote, na karibu zote zilitoa fimbo nzuri. Kadi ya Agosti iliharibu kwa sababu uliiandika bila kumtafuta mtu mwenyewe. Baba yako alikwambia hivyo siku ya kwanza, alipoiita karatasi yako vipimo vya kabati. Alikuwa sahihi kwamba lazima mtu aonwe. Alichokosea ni kudhani kwamba anayeweza kuona ni mmoja tu.

Kuhusu kadi iliyokuja kutoka Himeji, naona kati ya mistari yako unatamani niiite msamaha. Siwezi. Mzee yule aligundua kwa kidole gumba kwamba rafiki yake anauza kwa njia nyingine bila kumwambia, na alichokifanya ni kumtazama mgonjwa wa goti akitembea mara nne, kisha kuwaandikieni alichoona ili fimbo itengenezwe vizuri. Aliuliza habari za mgongo kabla hajaumizwa, na baada ya kuumizwa akaandika kadi. Hilo ni jambo kubwa, lakini halikuandikwa kwa ajili yako. Msamaha utauomba kwa mdomo wako, ukiwa umeinama, na utausubiri kwa muda atakaoutaka yeye.

Utaanza kwa baba yako, na si Jumapili. Fanya hivyo asubuhi ya kwanza baada ya kusoma maneno haya, kwa sababu hii: Mzee Kuwabara ameshajua nusu ya jambo na anaendelea na kazi yake, baba yako anaomboleza. Amerudi miaka ya nyuma, kwenye ugonjwa wa mama yako, na kila asubuhi unayonyamaza anaingia bafuni kumuaga rafiki ambaye hajaondoka. Wewe unajua dawa, na umeikalia kwa sababu unaogopa sauti ya jiwe likizimwa. Nakuelewa kwamba unaogopa. Lakini jiwe, kwa maelezo yako mwenyewe, limekwisha kuzimwa.

Nenda asubuhi, kabla hajafunga aproni. Chukua kadi zote ulizoandika, ziweke mbele yake, na useme sentensi fupi: hizi ni zangu, Kuwabara ni mzima. Kwa mpangilio huo, lakini usipumzike katikati, kwa maana sentensi ya pili ndiyo anayoihitaji. Usieleze habari za kampuni kubwa, wala za mtu wa Sapporo aliyesubiri. Anazijua. Akikasirika, kaa. Akitoka kwenda kutembea kando ya mto, usimfuate. Asipowasha jiwe siku mbili au tatu, wateja waandikie kwamba kazi imechelewa, na usimbembeleze. Unaogopa ataona kwamba amechonga kwa ajili ya watu wa uongo. Mwonyeshe orodha ya simu ulizopiga. Viatu vile viliisha kweli, na ngazi zile zilipandwa na watu walio hai.

Jumapili nendeni pamoja. Maharage yabebwe, hata kama kichwa cha mzee hakiyahitaji. Mtu hufika na kitu mkononi. Bebeni pia vichwa vipya vya fimbo za Hirooka ambavyo havijaguswa na jiwe, kwa kuwa chuma kilichokwisha kuondolewa hakirudishwi. Sema mwenyewe, usimwache baba yako aseme kwa niaba yako. Halafu mwombe kazi, nami nasisitiza neno hilo, mwombe. Usimpe kama sadaka. Kila mteja anayeweza kufika Himeji apelekwe kwake aonwe kabla chuma hakijachongwa, jina la duka lake liandikwe kwenye ukurasa wenu kando ya jina lenu, bei yenu isiwe chini ya bei yake, na kazi yake ya kutazama ilipwe kama kazi. Akikataa, shukuru, rudi nyumbani, na umwombe tena baada ya mwaka mpya.

Wale wa mbali, wa Sapporo na kwingineko, utaendelea kuwapigia simu wewe, kila mmoja, hata maagizo yakirundikana, na utaandika kadi zao kwa mwandiko wako, wenye mikia au usio na mikia, na chini utaweka jina lako. Kuna jambo uliloniandikia haraka, kisha ukakimbilia kuhesabu maboksi. Baba yako, ambaye hatoi sifa, alivua miwani na kusema kwamba mwandishi wa kadi hizi anampa mtu kamili, si goti na bega. Sifa hiyo imekaa miezi yote kwenye anwani isiyo yake.

Kwa hiyo, ukishamwambia baba yako, mpigie Hirooka siku hiyohiyo. Muulize kuhusu goti, na jinsi anavyoshuka ngazi za kliniki yake. Andika kadi, ibane juu ya jiwe kando ya ile ya Mzee Kuwabara, uondoke karakana, na umwache baba yako asome jina.