Mstari Uliokatwa kwa Mkasi

Alhamisi. Mvua nyembamba tangu asubuhi, ile ya Landani isiyokulowesha wala kukuacha mkavu. Nimeingia nyumbani Edmonton, kaskazini mwa jiji, sasa hivi kutoka shifti, sijavua hata viatu, naandika.

Mnaonisoma mnanijua. Siogopi kitu. Nimelala bandarini Pireo, Ugiriki, nimekula sahani moja na wahuni wa Dubai, nimevuka Ghuba ya Biskaya meli ikiyumba kama mlevi na mimi nakaanga mayai. Shule niliishia la saba, Tanga, lakini dunia imenisomesha mpaka digrii. Leo nimeogopa, saa tisa mchana, taa zinawaka, na aliyekaa mbele yangu ni bibi kizee mwenye kikombe cha chai.

Bibi mwenyewe ni Madam Vera. Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani, na huyu nimekuwa naye mwaka wa tatu sasa. Zamani alikuwa mcheza sinema, zile za nyeusi na nyeupe, na kabla ya hapo mtu wa maigizo ya jukwaani. Alianza na miaka kumi na sita, kubeba sinia tu, hana neno hata moja la kusema. Akapanda: kijakazi, bibi harusi, malkia, mjane. Ukutani kwake yupo kila mahali, shingo ndefu, macho yanakufuata mpaka jikoni. Husema amekufa mara nyingi kuliko mtu yeyote aliye hai: kwa sumu, kwa kisu, kwa mapenzi.

"Kufa rahisi, Kepteni," huniambia. "Kazi ni kulala pale bila kukohoa mpaka pazia lishuke."

Ananiita Kepteni kwa sababu nilimdanganya kwamba nilikuwa nahodha. Nilikuwa mpishi. Naungama hapa maana yeye hasomi blogu.

Siku hizi jina la mpwa wake limemtoka, na kuna asubuhi hulitafuta hata lake mwenyewe. Lakini saa tisa ikifika tunafanya mazoezi. Mchezo mmoja anaukumbuka wote, wa mwisho aliocheza na mumewe, aliyefariki kabla mimi sijazaliwa. Mimi nasoma maneno ya mume, sehemu aliyocheza marehemu, kwenye kitabu chake chakavu, kwa Kiingereza changu cha melini. Siku moja nilipiga chafya nikaruka jibu zima. Yeye akasubiri, akatikisa kichwa taratibu kuelekea kiti kitupu kilichokuwa pembeni yangu, akaendelea. Kama vile jibu kalipata.

Siku ile nilicheka.

Mstari wa mwisho wa mchezo ni wa mume, na kitabuni haumo. Watu wa jukwaani wana mwiko: mstari wa mwisho hausemwi mazoezini, husemwa mbele ya watazamaji tu. Ukiusema kabla, umeita balaa. Wengine hunyamaza tu. Madam Vera, baada ya kumzika mumewe, aliukata kwa mkasi, usije ukasemwa na mwanamume mwingine. Kwa hiyo kila siku tunafika ukingoni tunanyamaza, halafu nampa biskuti.

Sasa jambo lenyewe.

Jumanne nikiwa ndani ya basi ofisi ilinipigia. Jumatatu ijayo Madam Vera anahamishiwa nyumba ya wazee, mbali, huko pwani. Mpwa wake ameshasaini. Nikaambiwa nisimwambie, atahangaika. Ataambiwa siku hiyohiyo, akiwa garini. Nikasema sawa. Mimi, mwenye mdomo mpana kama mlango wa gereji, nikasema sawa. Siku mbili nimemmiminia chai huku siwezi kumtazama machoni.

Leo tumefika ukingoni. Kanyamaza, mikono magotini. Huruma ikanishika. Huko pwani nani atammalizia mchezo wake? Nikajiambia nitunge chochote, nikiseme kwa Kiswahili, haelewi, mwiko hautavunjika. Nikafungua mdomo.

"Vaa koti, mke wangu. Nje baridi, na farasi wamechoka kusubiri."

Farasi! Mimi na farasi wapi na wapi? Hata punda wa Tanga walikuwa wakinikimbia. Nilidhamiria kusema mchezo umekwisha, ahsanteni. Na sauti ilitoka chini, ya upole, sivyo ninavyoongea mimi.

Madam Vera akaweka kikombe. Hakunitazama. Alikitazama kile kiti.

"Farasi," akasema kwa Kiingereza. "Siku zote ulikuwa ukilimeza hilo neno. Watu wa nyuma hawakulisikia."

Muda wote huu sijamfundisha Kiswahili hata cha salamu.

Kisha akasimama bila fimbo, kitu ambacho hawezi. Akaliinamia dirisha mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu, polepole zaidi, na kila mara alitulia kidogo kama mtu anayengoja makofi yapungue. Chumba kimya, nasikia mvua tu. Akanyoosha mkono nimpe koti.

"Wananipeleka wapi, Kepteni?"

Hapo ningeweza kudanganya, ndiyo fani yangu. Nikapiga magoti nikamwambia yote: Jumatatu, pwani, nyumba ya wazee, hapa harudi tena. Nikajiandaa kwa kilio.

"Najua tangu Jumanne," akasema, akifunga vifungo kimoja kimoja. "Ameshaniambia. Nilikuwa nangoja nione kama na wewe utathubutu."

Nani kamwambia? Sikuuliza. Nilimvua koti, nikampashia supu, akala mpaka akakwangua bakuli.

Mke wangu, Mama Salma, nimemsimulia mlangoni, nikitegemea anicheke.

"Wewe mwongo wa kuzaliwa, Baba Salma," amesema. "Lakini hao farasi huwezi kuwatunga." Amekwenda kuwasha udi.

Asubuhi nitawapigia ofisini kabla hawajanipigia. Nitasema nimemwambia, na Jumatatu naenda naye mpaka anakabidhiwa chumba chake, wakitaka wanifukuze. Hilo nimeshaamua na halinisumbui.

Linalonisumbua ni dogo tu. Pale sauti ilipokuwa inatoka, mimi nilikuwa wapi?