Bega Langu Limefika Darini: Je, Nimbebe Mwali?

Bibi Mshauri mpendwa,

Naomba msaada wako haraka, maana siku imekaribia na hapa kwetu kila mtu amejifanya daktari. Mimi ni Laurinda, mke wa Zeferino fundi seremala, tunalima korosho na mihogo upande huu wa Ruvuma tangu tulipovuka kutoka Msumbiji, na kabla sijamwaga yangu ujue kwanza unaongea na nani: mkonge wa Tanga nimeukata, Unguja nimekula biriani ya harusi ambayo hata sikualikwa, Kariakoo naijua mpaka vichochoro, na shule niliishia darasa la tatu lakini mwalimu mwenyewe alikiri kwamba nikiendelea nitamchukulia kazi yake.

Shida ilianza kwenye bega la kulia. Msimu uliopita tulipeleka korosho Nanyamba kuuza, wanaume pale ghalani wakawa wanapandisha magunia begani na kujisifu, nami nikasema hata mimi naweza, wakacheka, basi nikakamata gunia lililojaa nikalirusha begani, na lilipanda, Bibi, lilipanda! Ila ndani ya bega kitu kikalia ta! kama kijiti kikavu, nikaenda nalo mpaka kwenye mizani nikitabasamu huku machozi yananitoka.

Nyumbani nikatumia akili yangu. Sisi wakaangaji wa korosho tunayajua mafuta ya ganda lake, yanaunguza vidole, ukipaka nguzo mchwa hasogei, nikasema dawa inayomshinda mchwa itashindwaje na maumivu? Nikapaka bega zima. Bibi Mshauri, nilipiga kelele mpaka mbuzi wa jirani wakakata kamba. Ngozi ikatoka malengelenge, ikabanduka kama muhogo uliochemka, na maumivu ya ndani yakabaki palepale yananitazama. Ndipo nikaufunga mkono kifuani kwa kanga, masika yote sikuusogeza, nadhani naupumzisha, kumbe bega linakauka. Nilipofungua, mkono haukupanda hata kufika shingoni. Nywele zangu sizifikii, mgongo siufikii, ikabidi Zeferino anifunge kilemba, na Zeferino anafunga kilemba kama anafunga mzigo wa kuni.

Akaona aibu ni ya wote wawili, akanipeleka hospitali Mtwara mjini. Nesi Martha, mama wa Kichaga asiyecheka ovyo, akalibonyeza bega hapa na pale, akauliza, "Nani alikwambia ulifunge masika yote?"

Nikasema, "Nilijiambia mwenyewe, nesi. Mimi ndiye daktari wa kwetu."

"Basi daktari, leo umefukuzwa kazi."

Akanifundisha. Kwanza nilikande kwa kitambaa cha maji ya moto. Kisha niiname nimeshika meza kwa mkono mzima, ule mbovu uning'inie kama ndoo kisimani niuyumbishe polepole. Halafu nisimame mbele ya ukuta, vidole vipande kama mjusi, vikigoma nitie alama ya mkaa, kesho niipite hata kwa unywele. Na kanga niipitishe mgongoni kama mtu anayejifuta maji, mkono mzima umvute mwenzake. Akasema, "Likivutika, vumilia. Likichoma kama moto, acha."

Nilifanya, Bibi! Ukuta Zeferino alikuwa ameupaka chokaa, nikaujaza mkaa kama umepitiwa na siafu, yeye ananuna, mimi napandisha vidole. Na juzi nikainua mkono, ukaenda, ukaenda, nikashika boriti ya darini! Nilipiga vigelegele majirani wakaja na fimbo wakidhani nyoka. Kilemba sasa najifunga mwenyewe, tena cha mtindo wa Unguja.

Sasa hapa ndipo ninapokwama. Mimi ni somo, yaani msimamizi wa unyago, wa Graca, binti wa rafiki yangu aliyefariki, na kwetu mwali akitoka unyagoni somo wake humbeba mabegani mbele ya watu wote. Mama yake alipokuwa kitandani nilimwambia, "Lala salama, nitambeba mimi." Lakini Sabina, anayeitaka nafasi yangu, amenitangazia kisimani, "Shoga, shika boriti zako, mtoto wa watu muachie mwenye mabega!" Wanawake wakacheka mpaka ndoo zikamwagika. Zeferino ameapa nikithubutu atahamia kulala kwenye karakana yake. Na Graca amenitumia salamu kutoka ndani alikowekwa: "Mama Laurinda asiponibeba, sitaki kubebwa." Nesi Martha naye yuko likizo kwao Moshi. Nimbebe au nisimbebe?

Ni mimi Laurinda, ng'ambo hii ya Ruvuma.

MSHAURI ANAJIBU

Laurinda mwenzangu, kwanza pokea vigelegele vyangu. Bega lililoganda watu wengi huzeeka nalo. Wewe umelirudisha kwa mkaa na ukuta, na Zeferino atapaka chokaa upya, hilo silo la kukukosesha usingizi.

Haya, sasa nikugombeze. Gunia la korosho si la kuwajibia wanaume wanaocheka. Mafuta ya maganda mwachie mchwa, na wote mnaosoma hapa msikie: ngozi ya mtu si nguzo ya nyumba. Bega likiteguka, lipumzishe siku chache tu, kisha lianze kusogezwa taratibu. Likionekana limevunjika au limechomoka mahali pake, usilivute wala kulichua, kimbilia hospitali.

Tena, nesi Martha yuko likizo, lakini hospitali haiko likizo. Nenda wiki hii, umwambie nesi aliyepo mambo yote, usimfiche kwamba mzigo wenyewe ni binti mzima. Akikukataza, utamtii, na Graca atatoka umemshika mkono. Ahadi yako kwa marehemu ilikuwa upendo kwa binti yake, haikuwa kuvunja mifupa.

Akikuruhusu, mbebe. Ila si kwa mbwembwe za Nanyamba! Usimwinue kutoka chini. Asimame juu ya kibaraza, wewe chini yake, akae mabegani mwako kushoto na kulia sawasawa, uzito ushuke kwenye miguu yako. Mikono yako ishike miguu yake, viwiko vikae chini karibu na mbavu. Pembeni wasimame wanawake wawili wenye nguvu, na mmoja awe Sabina. Ndiyo, Sabina huyohuyo. Mwombe mapema, kwa adabu, mbele ya walewale waliocheka kisimani. Wewe umtoe Graca mlangoni umfikishe kwenye mkeka wake, kisha Sabina amchukue amzungushe kijiji kizima. Mwenye mabega atapata kazi ya mabega, na mwali hataanguka.

Zeferino mwonyeshe jibu hili. Mwambie badala ya kuhamia karakana atengeneze ngazi fupi ya kumpandishia binti.

Jioni ya siku hiyo kanda bega lako, na kesho yake rudi ukutani kama kawaida, maana kupona hakukupi ruhusa ya uvivu.

Basi nenda, somo. Ukishamfikisha Graca mkekani, mshushe polepole, usimame wima, halafu huo mkono wa kulia uinue juu mpaka mwisho wake, utulie nao hapo, kijiji chote kiuone.