Bi Mkubwa Hanywi ya Kawaida

MAELEZO YA SHAHIDI
Shauri: mzee aliyepotea na gari lake
Jina: Kidoti, ndilo ninaloitwa na kila mtu kwa sababu ya doa la shavuni. La kitambulisho limo kwenye jalada.
Umri: miaka 36
Kazi: mhudumu wa pampu, kituo cha mafuta cha njia panda
Makazi: chumba namba nne, nyumba ya nyuma ya kiwanda cha magodoro
Yalianza kuandikwa: Alhamisi, tarehe 9 mwezi wa pili, saa tisa na dakika tano alasiri

Nina akili timamu, ingawa wenzangu kazini husema naota nikiwa nimesimama. Nimekuja hapa kwa miguu yangu, sikuitwa. Afande Koplo anayeandika amenionya niseme niliyoyaona na kuyasikia tu. Nitajitahidi.

Mnamo tarehe ya leo niliingia zamu saa kumi na mbili asubuhi, nikapangiwa pampu namba mbili. Pampu hiyo ina mipira miwili: wa kijani wa petroli ya kawaida, na mwekundu wa supa, ile kali ya bei ya juu. Wateja walikuwa wengi mpaka saa nne hivi, halafu barabara ikanyamaza. Saa kama ile, jua likishaanza kuchoma, mvuke wa petroli hucheza juu ya sakafu, ukitazama sana unaona nguzo za paa zinayumba. Mimi hupenda kuzitazama. Koplo amesema nguzo haziyumbi. Ni kweli haziyumbi, lakini nilikuwa nazitazama zinavyoyumba ndipo gari likatokea katikati yao.

Ilikuwa saa nne na dakika ishirini kwa saa ya ukutani. Gari lilikuwa dogo, la zamani, rangi ya maziwa. Lilikuja polepole bila kelele, indiketa inawaka tangu mbali ingawa nyuma yake hapakuwa na mtu. Nililijua kabla sijamwona dereva. Mwenyewe huliita Bi Mkubwa. Nilijifunza kuendesha ndani ya gari hilo miaka kumi na minne iliyopita, na nikafeli mtihani mara tatu ndani yake, zote kwa ajili ya klachi.

Dereva ni mzee wa miaka sabini na minne, mstaafu wa chuo cha udereva. Sisi tuliopita mikononi mwake tunamwita Mwalimu, basi. Mwaka juzi alianza kusahau. Zilianza funguo, zikafuata siku, sasa ni watu. Binti yake, muuguzi anayeishi naye, alipita kituoni kwetu miezi mitano iliyopita akanipa namba yake ya simu. Aliniomba nikimwona baba yake barabarani nimpigie. Alisema gari ameliacha na mafuta ya kugusa tu, na ufunguo ameuficha kwenye ndoo ya unga.

Mwalimu alishusha kioo. Alikuwa amevaa ile suti ya kijivu ya siku za mtihani, na tai. Mikono ya suti ilikuwa na unga mpaka kwenye viwiko, na nyuma ya sikio la kulia palikuwa na povu la kunyolea lililokauka. Nikamwambia shikamoo Mwalimu. Akaitika marahaba kwa adabu nyingi, ile adabu tunayowapa watu tusiowajua. Nikageuza shavu lenye doa alione vizuri. Alilitazama, akatazama pembeni. Iliniuma, afande, naomba uandike hivyo hivyo.

Nikamwuliza safari ya wapi. Akasema ana wanafunzi sita wanamsubiri uwanja wa mtihani, ng'ambo ya mlima, na mmoja wao anaogopa klachi, lazima awahi akamtulize. Uwanja ule umejengwa maghala, ni mwaka wa tisa sasa. Na huyo anayeogopa klachi ni mimi. Nilisimama pale na kitambaa changu cha vioo, nikajiona kabisa niko ng'ambo ya mlima, nina miaka ishirini na miwili, nimevaa viatu vya kuazima vinavyobana, nachungulia barabarani kama Mwalimu ameshakuja. Sijui nilisimama hivyo kwa muda gani. Koplo anataka dakika. Niseme mbili.

Nilimpigia binti yake mara mbili, hakupokea. Baadaye nimejua kwamba wauguzi wakiwa zamu simu hukaa kabatini. Nikamfuata msimamizi wetu ofisini kwake, nikamweleza kwamba mzee yule hayuko sawa na tusimwache aende. Msimamizi alikuwa anakula karanga. Akasema mteja ana gari, ana leseni na ana pesa mkononi, sisi si watoto wake, nirudi nikajaze.

Nikarudi, nikaanza kupoteza muda kwa makusudi. Nilifuta vioo vyote, nikavirudia. Nilikagua oili, maji na upepo wa matairi, hata la akiba. Mwalimu alinitazama akiwa ametulia, na kwa kweli alifurahi, maana yeye ndiye aliyetufundisha kukagua. Vilipokwisha vya kukagua nikamwambia petroli imetuishia. Akageuka akatazama gari lililokuwa linajazwa pampu namba moja. Hakunigombeza. Alisema hapana neno, atakwenda kituo cha barabara kuu, akashika ufunguo.

Barabara kuu ndiyo ya malori. Kule hakuna anayemjua. Nikamwambia asubiri, imebaki kidogo, nitamtilia.

Hapa naomba Koplo aandike polepole. Kwa miaka yote niliyomjua, Mwalimu haombi mafuta, anatoa amri. Kabla hujasema karibu, yeye ameshasema, "Bi Mkubwa hanywi ya kawaida." Wahudumu wapya tulikuwa tukiwatania kwa maneno hayo. Leo alitoa kichwa dirishani, akautazama mpira wa kijani, akautazama mwekundu, akarudia wa kijani. Midomo ilikuwa inacheza bila sauti. Nilimwona anavyotafuta, na nilimwona anavyokosa.

Akaniambia kwa sauti ndogo, "Binti, nisaidie. Ni upi?"

Nikamjibu, "Wa kijani, Mwalimu."

Akasema asante. Aliniamini. Sijawahi kumdanganya mtu aliyeniamini kiasi kile, na sitaki kurudia.

Sababu yangu ni hii. Injini ya Bi Mkubwa ni ya zamani na Mwalimu aliirekebisha kwa mkono wake inywe supa tu. Ukiipa ya kawaida, kwenye tambarare inavumilia. Ikianza kupanda, inagonga, ko ko ko, mtu anabisha hodi kwenye bati. Mwalimu alitufundisha kuusikia mlio ule kabla hajatufundisha gia ya pili. Alitukaririsha mpaka tukawa tunaota: ikigonga usishindane nayo, kaa pembeni, zima, fungua boneti, weka pembetatu hatua thelathini nyuma, na usiondoke karibu na gari mpaka mtu aje. Nilifikiri kichwa chake kimesahau shavu langu, lakini huenda sikio lake halijasahau. Kwa supa angeuvuka mlima na kuteremka upande wa pili, na kutoka hapo barabara haina mwisho. Kwa ile ya kawaida, mlima wenyewe ungemsimamisha. Nikajaza tangi mpaka juu, ili ile supa kidogo iliyobaki isimsaidie.

Koplo ameniuliza kwa nini sikumnyang'anya ufunguo. Nililifikiria. Mkono haukwenda. Ni mwalimu wangu.

Saa nne na dakika arobaini na tano aliwasha indiketa ya kushoto, akashika barabara ya zamani ya mlimani. Aliniinulia vidole viwili bila kuachia usukani, kama anavyowaaga waliofaulu. Gari liliingia kwenye ule mvuke, likawa nusu, likawa rangi tu, halafu pakawa na barabara peke yake. Niliendelea kuushika mpira wa kijani hadi mwenzangu aliponiambia niurudishe mahali pake.

Nilijipa moyo kwamba binti yake atapiga simu na mimi nitamweleza pa kumpata. Hakupiga. Saa saba na nusu mchana alifika mwenyewe, bado ana sare ya kazi, amekuta ndoo ya unga imemwagwa jikoni. Aliniuliza baba yake ameelekea wapi, nikamwambia mlimani. Akauliza ametiliwa nini na kiasi gani. Msimamizi alikuwa amesimama kati yetu, akanitangulia kujibu: tangi zima, supa, kama siku zote. Nikanyamaza.

Nilinyamaza kwa sababu ya kazi. Ukutani kwetu imebandikwa sheria kwamba ukimtilia mteja mafuta yasiyo ya gari lake huku unajua, siku hiyo hiyo unavua sare. Nina mama anayenitegemea na sina kazi nyingine ninayoijua. Sijitetei, naeleza tu. Binti aliwapigia polisi palepale. Nilisikia wakihesabu kwenye simu kwamba karibu saa tatu zimepita, tangi limejaa, basi mzee ameshavuka zamani. Wakaamua kuzunguka kwa barabara mpya wakamtafute upande wa pili. Barabara ya zamani hakuna aliyeipita, na siku hizi hata wachunga mbuzi hawaipiti.

Nilikaa na neno mdomoni saa nzima. Nilihudumia magari tisa na siwezi kukueleza hata moja lilikuwa la rangi gani. Kila nilipofunga macho nilimwona juu ya jiwe, na suti yake, anatazama barabara upande ambao hakuna atakayetokea. Kisha nikakumbuka kwamba nilikagua maji ya injini lakini sikumpa yeye maji ya kunywa. Hapo nilivua sare, nikamkabidhi mwenzangu, nikatoka. Sikumuaga msimamizi.

Kwa hiyo nasema wazi kwamba Mwalimu hajavuka mlima. Mtafuteni kona ya tatu, pale mlima unaposimama wima. Ndipo nilipokuwa nafelia mtihani wa kupanda. Boneti itakuwa wazi. Msipomkuta hapo, basi na sikio nalo limekwenda, na aliyempeleka huko peke yake juani ni mimi.

Koplo ameniuliza kama nilikusudia kumdhuru. Nilikusudia kumsimamisha. Kumdanganya pia nilikusudia.

Sina la kuongeza. Nimesomewa maelezo haya neno kwa neno nikayatambua kuwa ni yangu, pamoja na yale ya nguzo ambayo Koplo hakutaka kuyaandika.

Sahihi ya shahidi: Kidoti
Saa tisa na dakika hamsini alasiri

MAELEZO YA AFISA ALIYEANDIKA

Nathibitisha kwamba nimeandika kama shahidi alivyosema, bila kumlazimisha. Aliposema "kona ya tatu" nilisimamisha kazi kwa dakika tano nikatuma gari la doria kwa barabara ya zamani, kisha tukaendelea. Baada ya kuweka sahihi shahidi aliambiwa anaweza kwenda. Alikataa, akakaa kwenye benchi la mapokezi.

Saa kumi na dakika kumi doria iliripoti kwa redio kwamba gari limekutwa kona ya tatu, limeegeshwa pembeni, boneti wazi. Askari alipima kwa miguu kutoka kwenye pembetatu hadi kwenye gari: hatua thelathini. Mzee alikuwa amekaa juu ya jiwe penye kivuli, mdomo umekauka, mzima. Alipewa maji.

Saa kumi na moja kasoro dakika tano aliletwa hapa kituoni. Binti yake alikuwa ameshafika. Mzee alimwita sista, kama muuguzi asiyemjua, na kumwomba radhi kwa usumbufu. Nyumba yake hakuikumbuka, wala siku ya leo. Msimamizi wa kituo cha mafuta naye alikuwepo, amekuja kudai nakala ya maelezo haya ili achukue hatua kazini. Nimemwambia jalada bado liko wazi, arudi nitakapomwita.

Mzee alikuwa na swali moja tu, nalo alilirudia mpaka nikamjibu: ni nani aliyemtilia Bi Mkubwa mafuta ya kawaida. Nilimwonyesha shahidi pale kwenye benchi. Alimtazama kwa muda mrefu, zaidi shavuni. Kisha akaniinamia, akaniambia kwa sauti ya chini ili mwenyewe asisikie, ingawa alisikia:

"Huyo injini anaijua vizuri sana. Shida yake ni klachi."